Sadi Carnot: Kijana wa Paris aliyejua siri ya joto la Bondeni

Hebu fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Nenda jikoni, weka kiganja nyuma ya friji. Pana joto, sivyo? Sasa fungua mlango uguse chupa ya maji. Baridi. Friji haitengenezi baridi, kwa sababu baridi haitengenezwi. Inachofanya ni kuchukua joto lililo ndani ya maji na chakula, kulibeba, na kulitupa hapo jikoni kwenu. Tokeni za umeme unazonunua ni ujira wa ubebaji.

Sasa geuza kazi hiyo. Badala ya kutoa joto kwenye chupa ya maji, litoe kwenye hewa ya nje ulitupe sebuleni. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Hapa Bondeni hakuna mwenye haja ya kupasha sebule. Dua yetu mwezi wa Machi ni upepo tu. Lakini nusu ya mtaa ina ndugu ughaibuni, na huko habari ni nyingine. Binamu yangu aliye Minneapolis alifungiwa mashine hiyo ukutani. Kwa umbo ni AC tu, kama zile zinazodondosha maji vichwani mwa watu mjini. Karatasi ilimwambia kwamba kwa kila yuniti moja ya umeme atapata joto la yuniti tatu. Januari ilipoingia bili ikamtoa machozi. Akanipigia akiapa kwamba katapeliwa.

Wala hakutapeliwa. Namba aliyopewa ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa namba ya mji wake.

Mtu aliyeona kwanza kwa nini jambo kama hilo lazima litokee alikufa karibu miaka 200 iliyopita, hajawahi kuona friji wala balbu. Alikuwa Mfaransa, lakini jina lake ukiliita pale Abdel Nasser Road baada ya swala ya Magharibi, pengine wataitika watu watatu. Aliitwa Sadi.

Sadi Carnot alizaliwa Paris tarehe 1 Juni 1796, ndani ya jumba la serikali. Baba yake, Lazare Carnot, alikuwa mmoja wa wakurugenzi watano waliotawala Ufaransa baada ya mapinduzi. Lazare alikuwa mwanajeshi, mhandisi na mwanahisabati, na juu ya hayo alipenda mashairi. Alimhusudu Saadi wa Shiraz, mshairi mkubwa wa Uajemi wa karne ya 13, mwenye Gulistan na Bustan, akampa mwanawe jina hilo. Kwenye cheti kulikuwa na majina mengine mawili mbele, Nicolas na Léonard, lakini hakuna aliyeyatumia. Sisi wa Pwani, ambao kila ukoo wa pili una babu aliyetoka Shiraz, tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo.

Maisha ya jumbani hayakudumu. Sadi hajatimiza hata miaka 2, serikali ilipinduliwa na baba yake akakimbia nchi kuokoa shingo. Aliporudi, Napoleon Bonaparte akamfanya waziri wa vita mwaka 1800. Kisa kimoja cha wakati huo alikisimulia mdogo wake, Hippolyte, miaka mingi baadaye. Mke wa Napoleon na wanawake wenzake walikuwa kwenye mashua katika bwawa, na mkubwa wa Ufaransa nzima akawa anajifurahisha kwa kurusha mawe majini ili awarushie maji. Sadi, mtoto wa miaka kama 4, akatazama, akachoka. Akamwendea yule jenerali ambaye Ulaya nzima ilikuwa inamtetemekea, akamtishia na kumwamuru awaache wanawake wa watu. Walioshuhudia wakashika roho. Napoleon akacheka.

Baba alimfundisha mwenyewe hesabu na sayansi. Lazare alikuwa ameandika kitabu kuhusu mashine, na jambo moja lilimkera sana: nguvu inayopotea bure. Gurudumu la maji likipigwa na mto kwa kishindo, kishindo kile ni kazi iliyopotea. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1812, akiwa na miaka 16, Sadi akaingia École Polytechnique, chuo kigumu kuliko vyote Ufaransa. Desemba 1813, majeshi ya maadui yakisogea, aliandika barua kwa Napoleon kwa niaba ya wenzake kuomba wanafunzi waruhusiwe kupigania nchi. Machi 1814 walipigana kweli, huko Vincennes nje ya Paris, na wakashindwa kama wengine wote. Kisha akapelekwa Metz, mashariki ya Ufaransa, kusomea uhandisi wa jeshi.

Halafu ikaja 1815. Napoleon akaanguka mara ya pili, mfalme akarudi, na Lazare akafukuzwa nchini moja kwa moja. Jina la Carnot, lililokuwa likifungua milango, likawa ndilo linaloifunga. Sadi akahamishwa kutoka ngome hadi ngome kama ofisa mdogo, kazi yake kupima kuta na kuchora mipango ambayo iliishia makabatini. Ukiwahi kufanya intanshipu mahali ambapo bosi hataki hata kujua jina lako, utamwelewa.

Mwaka 1819 alifanya mtihani akahamia makao makuu ya jeshi Paris, kisha mara moja akaomba likizo ya muda mrefu kwa nusu mshahara. Hapo ndipo alipoanza kuishi. Alikuwa mtu wa ndani, asemaye machache, lakini hakuwa mkavu: alipiga fidla, alijua kupigana kwa upanga, aliogelea, alisoma elimu ya mimea. Mchana alihudhuria mihadhara ya bure ya sayansi na uchumi, na alitembelea viwanda kuona mashine zinavyofanya kazi.

Mashine ya zama hizo ilikuwa injini ya mvuke. Unachoma makaa ya mawe, maji yanachemka, mvuke unasukuma bastola, bastola inazungusha gurudumu. Uingereza ilitajirika kwa mashine hizo. Ufaransa ilikuwa nyuma, na Sadi, mtoto wa waziri wa vita aliyeona nchi yake ikipigwa, alijua vizuri kwamba kilichoipiga hakikuwa mizinga peke yake. Mwaka 1821 alisafiri kwenda Magdeburg, Ujerumani, kumwona baba yake uhamishoni. Walikaa pamoja wiki kadhaa, na inaaminika kwamba walizungumza sana juu ya injini za mvuke. Sadi aliporudi Paris hakushika jambo lingine. Baba alifariki kule kule Magdeburg mwaka 1823.

Juni 1824, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 28, Sadi alichapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe. Kurasa 118, nakala 600. Kilihusu nguvu ya moto na mashine zinazoweza kuitumia. Alitaka kieleweke na watu wa kawaida, hata akamfanya Hippolyte, ambaye hakuwa mwanasayansi, asome sehemu zake kabla hazijaenda kiwandani.

Mwaka huo huo Mombasa ilikuwa na mambo yake. Februari 1824 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliwakubalia Wamazrui waliokuwa wakimkataa Sultani wa Oman, na bendera ya Waingereza ikapepea Fort Jesus kwa miaka kama 2. Leven House pale Mji wa Kale imebeba jina la meli yake, na meli ile ilikuwa ya matanga. Waliofika Mombasa walisukumwa na kaskazi na kusi, kama babu zetu. Na kumbe Sadi alianza kitabu chake hapo hapo: kwamba pepo, mawingu na mvua ni kazi ya joto, kwamba dunia yenyewe ni injini kubwa.

Swali lake lilikuwa hili. Wahandisi wote walikuwa wakibishana jinsi ya kupata kazi nyingi zaidi kutoka kwa makaa yale yale. Mmoja anasema tumia mvuke wa shinikizo kubwa. Mwingine anasema achana na maji, tumia mvuke wa spiriti. Wa tatu anasema tumia hewa. Sadi akauliza kitu ambacho hawakuwa wameuliza: je, kuna mpaka? Kuna mahali ambapo hata fundi bora duniani, mwenye mashine isiyo na msuguano wala kishindo, atasimama na kuambiwa hapa basi?

Jibu lake: upo. Na mpaka huo haujali ni mashine ya nani wala imejazwa nini. Unajali vitu viwili tu, joto la upande wa moto na joto la upande wa baridi.

Aliwaza kama mtoto wa baba yake. Joto, alisema, ni kama maji ya maporomoko. Maji yanakupa kazi kwa sababu yanaanguka kutoka juu kwenda chini. Kiasi kile kile cha maji, kikianguka kutoka juu zaidi, kinafanya kazi zaidi. Hakuna tofauti ya urefu, hakuna kazi, hata uwe na bahari nzima. Vivyo hivyo joto huanguka kutoka penye moto kwenda penye baridi, na kazi unayopata inategemea urefu wa anguko.

Halafu akaigeuza. Ili kuthibitisha hoja yake aliwaza injini yake inayorudi nyuma: badala ya joto kuanguka na kutoa kazi, unatia kazi na joto linapandishwa. Kwake hiyo ilikuwa hatua ya hoja tu. Lakini bwana, hiyo ndiyo friji yako, na hiyo ndiyo mashine iliyo ukutani kwa binamu yangu.

Tumlete sasa muuza maji. Kila mtu wa kisiwani anamjua: mkokoteni, mitungi ya lita 20, jasho. Ukikaa chini anakumiminia kwa bei yake ya kawaida. Ukikaa ghorofa ya nne anakutazama kwanza, anatazama ngazi, kisha anataja bei nyingine. Mtungi ni ule ule, maji ni yale yale. Unacholipia ni ngazi.

Pampu ya joto ni muuza maji huyo. Inachota joto nje, hata kwenye hewa unayoiona ya baridi, kwa maana hewa ya baridi nayo ina joto ndani yake, na inalipandisha hadi kiwango unachotaka ndani. Tuseme unataka maji ya kuoga ya nyuzi 55, na kila nyuzi 10 ni ghorofa moja. Mombasa, hewa ikiwa nyuzi 28, kuna ghorofa chini ya 3 za kupanda. Limuru, usiku wa nyuzi 10, ghorofa 4 na nusu. Minneapolis, nyuzi 20 chini ya sifuri, ghorofa 7 na nusu. Mashine ni ile ile. Ngazi zimeongezeka.

Mpaka wa Sadi unaweza kuupiga kwa kikokotoo cha simu, ingawa hesabu yenyewe ilikamilishwa na waliokuja baada yake. Chukua joto la ndani kwa Kelvini, yaani nyuzi zetu za kawaida ukijumlisha 273. Ligawanye kwa tofauti ya ndani na nje. Maji ya nyuzi 55 ni Kelvini 328. Hapa kwetu tofauti ni 27, unapata 12: yuniti moja ya umeme haiwezi kukuletea zaidi ya yuniti 12 za joto. Limuru tofauti ni 45, unapata 7. Minneapolis tofauti ni 75, unapata 4 na kidogo. Hiyo ndiyo dari, na hakuna aliyewahi kuigusa. Mashine halisi zinapata nusu ya hapo au chini yake, kwa sababu ya msuguano, feni, na kwa sababu mabomba ya nje lazima yawe ya baridi kuliko hewa na ya ndani yawe ya moto kuliko maji. Lakini dari ikishuka, na mashine inashuka nayo.

Kwa hiyo namba ya kwenye lebo ina umuhimu gani? Una, mradi ujue imepimwa wapi. Kipimo cha kimataifa cha AC inayopasha huweka hewa ya nje kuwa nyuzi 7 na ya ndani 20. Nyuzi 7! Bondeni haijaona nyuzi 7 tangu iitwe Bondeni, na Minneapolis ya Januari inaziota tu. Ulaya wamejaribu kuwa waungwana: lebo yao ina ramani ya rangi 3, na mashine hupewa alama tofauti kwa tabianchi 3. Ya joto hutumia hali ya hewa ya Athens, ya wastani Strasbourg, ya baridi Helsinki. Strasbourg, kwa bahati, haiko mbali na Metz, pale Sadi alipokuwa akipima kuta. Marekani imegawanywa kanda 6, na alama ya kupasha inayotangazwa hukokotolewa kwa kanda ya nne. Minneapolis ni baridi kuliko kanda hiyo. Ndiyo bili ya binamu.

Tena kuna ukungu na barafu, jambo ambalo nyuzi peke yake hazikuambii. London haina baridi ya Minneapolis, lakini hewa yake ni ya majimaji. Nje ikiwa nyuzi 2 au 3, unyevu unaganda kwenye mabomba ya mashine na kuwa blanketi la barafu. Mashine lazima isimame, ijigeuze, iyeyushe barafu hiyo kwa joto ililokwisha kulipandisha, kisha ianze upya. Hapa kwetu unyevu ni neema. Mvuke wa baharini ukigusa bomba la baridi unakuwa maji, na ukigeuka maji unaachia joto la ziada, na hakuna kinachoganda.

Ndiyo maana ukitazama vizuri, mahali pazuri pa kuchemsha maji kwa pampu ya joto ni hapa ambapo hakuna anayewaza kupasha kitu. Mashine za kuchemsha maji za namna hii zinauzwa Kenya. Kipimo cha Ulaya, hata kwa ile wanayoiita tabianchi ya joto, hupima kwa hewa ya nyuzi 14, ambayo ni baridi kuliko usiku wetu wa kawaida wa Julai watu wakitafuta sweta. Maana yake alama iliyoandikwa pale kwetu ni ya kujishusha.

Lakini usishangilie mapema, kwa sababu ngazi ile ile inatupiga tukielekea upande wa pili. Friji inatoa joto kwenye barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri na kulipandisha hadi jikoni. Jikoni kwa Limuru ni nyuzi 16. Kwako wewe, mandazi yakiwa jikoni, ni 32 au zaidi. Ukiwa umeibana friji ukutani, joto halitoki nyuma, mabomba yanafika nyuzi 45 na zaidi, na umejiongezea ghorofa mwenyewe. Friji nyingi zina herufi ndogo kwenye kibandiko cha ndani: SN na N zimeundwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji za mtumba, zile za ex-UK, ziliundwa kwa jikoni za Uingereza. Angalia herufi kabla ya kuuliza bei. Lebo ya nyota 1 hadi 5 iliyowekwa Kenya kwa kanuni za mwaka 2016 inakusaidia kulinganisha friji na friji, AC na AC, zikiwa zimepimwa sawa. Haiwezi kukwambia jikoni lako lina joto gani.

Na ule ubishi wa mafundi, R22 ilikuwa bora, hapana R32 ndiyo kiboko? Gesi ina umuhimu wake, kwa shinikizo, usalama na mazingira. Lakini hakuna gesi itakayovuka dari. Sadi aliwajibu hivyo watu wa spiriti na watu wa hewa mwaka 1824.

Wakamsikia? Kitabu kilisifiwa katika jarida moja, kikatajwa mbele ya chuo cha wanasayansi, kisha kimya. Wahandisi walikiona cha nadharia mno, wanasayansi wakakiona cha mashine mno. Nakala zikabaki madukani. Mwaka 1827 jeshi likamwita tena kazini, mwaka uliofuata akajiuzulu kabisa. Aliendelea kusoma na kuandika, bila kuchapisha kitu kingine.

Kiangazi cha 1832 alishikwa na homa kali ya vipele, ikampanda kichwani. Alikuwa anaanza kupata nafuu, akilelewa na mdogo wake, kipindupindu kilichokuwa kikitembea Paris mwaka ule kikamkuta mwili hauna kinga. Alikufa tarehe 24 Agosti 1832, ndani ya siku moja, huko Ivry. Miaka 36. Kwa hofu ya maambukizi, vitu vyake vikateketezwa, na sehemu kubwa ya makaratasi yake ikaenda pamoja navyo.

Hapo habari ingekwisha, kama si mhandisi mmoja, Émile Clapeyron, aliyekisoma kitabu na mwaka 1834 akakieleza upya kwa michoro na hesabu. Makala yake ilimfikia kijana wa Uskochi, William Thomson. Mwaka 1845 Thomson alikuwa Paris akizunguka maduka ya vitabu kutafuta kitabu chenyewe. Wauzaji walimjua Carnot baba, walimjua Carnot mdogo mwanasiasa. Sadi? Hawakumjua. Ilimchukua Thomson miaka mitatu kushika nakala. Kutokana na wazo la Sadi alijenga mwaka 1848 kipimo cha joto ambacho leo kina jina lake la heshima, Kelvin, ndizo hizo Kelvini tulizokokotoa. Na mwaka 1852 alipendekeza mashine ya kupasha au kupoza majengo kwa kuligeuza lile anguko la joto. Miaka michache baadaye, Austria, Peter von Rittinger akaijenga mashine ya namna hiyo ya kukaushia chumvi. Mjerumani Rudolf Clausius naye, mwaka 1850, alikuwa amesafisha kosa moja kubwa la Sadi.

Kosa hilo ni hili. Sadi aliandika akiamini, kama wengi wa zama zake, kwamba joto ni kimiminika kisichoonekana ambacho hakiongezeki wala hakipungui. Kinaanguka tu, kama maji, na chote kinafika chini. Si kweli. Sehemu ya joto hugeuka kuwa kazi. Msingi wa nyumba ulikuwa na ufa, lakini ukuta umesimama wima: mpaka wake ulikuwa sahihi na uko sahihi hadi leo. Kwa muda mrefu walimu walilisimulia hilo kama bahati ya kijana aliyebahatisha.

Mwaka 1878 Hippolyte, mzee wa miaka 77, akatoa hadharani karatasi chache alizozihifadhi kwa miaka 46, zile zilizosalimika. Ndani yake Sadi anaonekana akiitilia shaka nadharia ya kimiminika, kisha anaitupa. Anaandika kwamba joto ni mwendo wa chembe za vitu, na anapiga hesabu ya kazi inayotokana na kiasi fulani cha joto, miaka kama 10 kabla ya wale waliopewa sifa hiyo. Alishagundua kosa lake mwenyewe. Alichokosa ni muda.

Usije ukachanganyikiwa ukitafuta jina lake mtandaoni, kwani utakutana na Sadi Carnot mwingine, mwenye ndevu na mkanda wa heshima kifuani. Huyo ni mtoto wa Hippolyte, aliyepewa jina la ami yake. Alichaguliwa Rais wa Ufaransa Desemba 1887, Hippolyte akiwa angali hai kuona.